Nimekalia Nafasi ya Binti Yangu kwenye Zimamoto

Mpendwa Shangazi Constance,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu mimi mwenyewe nikianza kusimulia jambo hili nacheka kwanza halafu nalia, na jirani yangu Mukamurenzi, ambaye peke yake ndiye anayelijua lote, amenikataza nisimsimulie tena akiwa anapika, maana mara mbili ameunguza maharage kwa ajili yangu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi kijiji cha Misiera hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nakaanga ndagala, dagaa wa kwetu, na kuuza kando ya barabara, na Mungu amenipa mtoto mmoja tu, binti yangu Prudence, ambaye ana miaka ishirini. Hiyo ndiyo kweli, Shangazi, lakini karatasi yetu ya familia inasema kinyume, na kosa ni langu wala si la mtu mwingine. Mwaka juzi karatasi zilipokuwa zinaandikwa upya nilikaa mbele ya karani, akaniuliza sisi wawili tulizaliwa mwaka gani, nami nikaanza na mwaka wa mtoto, kwa sababu kwetu mama akiulizwa habari za nyumbani huanza na mtoto, hata jina langu la Mariette hakuna anayelikumbuka, tangu nizae mimi ni Mama Prudence basi, na karani yeye akaandika kama karatasi yake ilivyopangwa, mkuu wa familia kwanza, mtoto baadaye. Alinisomea yote tena kabla ya kupiga muhuri. Nikasema ndiyo, ndiyo, ni hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeacha ndagala juani na paka wa Misiera nawajua.

Kwa hiyo kwenye karatasi mimi ndiye wa miaka ishirini na Prudence ndiye wa thelathini na tisa, yaani nilimzaa miaka kumi na tisa kabla sijazaliwa. Tulipogundua tulicheka wiki nzima. Prudence akawa ananituma, "We mutoto, leta mayi ninawe!" na mimi namletea. Hatukwenda kurekebisha, kwa kuwa tuliona haituzuii kitu, foleni ni ndefu na mimi nina biashara.

Sasa sikiliza. Kiangazi kilichopita moto ulishika vibanda vinne vya Misiera, na gari la zimamoto likatoka Mbarara, na wewe unakaa huko, unajua umbali wa kutoka huko mpaka kwetu, basi walipofika walikuta majivu, si kosa lao, ni njia. Siku ile Prudence alibeba ndoo za maji mpaka viganja vikavimba, na usiku akaniambia, "Mama, miye nataka hii kazi," na tangu hapo hakuwa na wimbo mwingine. Mwaka huu wazimamoto wa Mbarara wakaamua kuanzisha mafunzo ya vijana wa Nakivale, ili moto ukitokea kuwe na watu wa kuuzuia mpaka gari lifike, vijana wa miaka kumi na minane mpaka ishirini na mitano, mmoja kila nyumba. Prudence alikuwa wa kwanza kuandika jina. Orodha iliporudi, mwenyekiti wa kijiji chetu, Mzee Nehemiya, akaja kuisoma mlangoni. Prudence, miaka thelathini na tisa, amepita umri, amekatwa. Halafu akaangalia chini kidogo, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Lakini mu hii nyumba iko kijana moja anaweza kwenda. Mariette, myaka makumi mbili."

Nikamwambia, "Mzee, unanijua miye."

Akasema, "Nakujua, Mama Prudence. Lakini miye nasoma tu ile bameandika."

Shangazi, wazo halikuwa langu. Prudence mwenyewe alifuta machozi akasema, "Mama, enda unishikiye fasi. Tukiiacha itaenda kwa bantu bengine. Utarekebisha karatasi, miye nitaingia pahali pako." Tulipanga iwe wiki mbili tu. Kosa la karatasi ya familia linarekebishwa na mkuu wa familia mwenyewe akiwa amekuja kwa miguu yake, na mkuu wa familia ni mimi, kijana wa miaka ishirini. Nikafunga kitambaa kichwani kuficha mvi zangu tatu, nikaenda.

Siku ya kwanza mwalimu wetu, Afande Gad, ambaye nadhani ana miaka thelathini na kidogo, alisoma majina, akafika kwangu, akaniangalia usoni, akaangalia karatasi, akaniangalia tena. Nilijua mambo yameisha. Kumbe macho yake yalijaa huruma. Akasema, "Maisha ya kambi inazeesha watu bure. Pole sana, mtoto yangu." Mtoto wake! Nilitaka kumjibu kwamba ningeweza kuwa nilimwosha uso akiwa na kamasi, lakini nikainamisha kichwa nikasema asante Afande.

Wiki ya pili akawasha mafuta kwenye karai ili tuone moto wa jikoni ulivyo. Moto ukapanda juu, vijana wote wakatawanyika, na mmoja anaitwa Pacifique akachukua ndoo ya maji akataka kuumwagia, na mimi bila kufikiri nikampiga kibao cha mkono, nikachukua kifuniko, nikafunika karai, nikasimama pale nimeshika kiuno nikingoja lipoe, kama ninavyofanya kwangu mafuta ya ndagala yanapotaka kunichezea. Afande akapiga filimbi mpaka akaishiwa pumzi. "Nyinyi vijana yote munakimbia, huyu musichana peke yake ndiyo nasimama! Munaona? Kichwa yake iko sawa!"

Shangazi, nakuungamia. Neno hilo, musichana, lilinishuka mwilini kama maziwa ya moto. Mimi nilipokuwa na miaka ishirini nilikuwa na Prudence mgongoni na sufuria kichwani, tunahama kilima hiki tunakwenda kile, tunalala kwenye majani, baba yake tumepotezana naye na mpaka leo sijui aliko, na hakuna mtu aliyewahi kuniita msichana, niliruka kutoka kuwa mtoto nikawa Mama Prudence. Na sasa kila Jumatano na Jumamosi navaa ovaroli na buti na kofia ngumu, natambaa chini ya moshi, navuta mpira wa maji, napanga vijana mstari wa ndoo, nacheka nao, tunagawana miwa, na Pacifique ananiita dada. Magoti yananiuma sana, usiku napaka ile dawa ya viungo inayonuka minti, na asubuhi moja Pacifique aliniuliza natumia manukato gani. Nikamwambia ni ya Kampala.

Sasa dhambi yenyewe. Nilipewa tarehe ya kurekebisha karatasi kwenye ofisi za kambi, pale Base Camp. Tarehe ya kwanza mvua ilinyesha, na mimi nikakaa ndani naitazama inanyesha, halafu ikaacha saa nne asubuhi, na bado nikakaa. Tarehe ya pili iliangukia Jumatano ya kujifunza ngazi, nikaenda kwenye ngazi. Tarehe ya tatu nilitoka nyumbani kabisa, nimevaa vizuri, karatasi mkononi, Prudence amenisindikiza mpaka barabarani, nikapita mbele ya ofisi, nikamwona karani amekaa peke yake, hana mtu mbele yake, anakula karanga, nikapita moja kwa moja kama naenda kumwona mgonjwa. Nilirudi nikamwambia Prudence, "Karani hakutoka leo." Na mara nyingine nilisema, "Bado hajafika kwa jina yetu."

Mtoto wangu akaamini. Shangazi, aliamini mpaka Jumapili moja mchungaji alipouliza nani ana hitaji la maombi, Prudence akasimama, akaomba kanisa limwombee yule karani, Mungu amlainishe moyo aguse karatasi yetu. Kanisa zima likanyanyua mikono. Watu walimwombea karani kwa dakika nyingi, wengine kwa machozi, mama mmoja alikemea roho ya ofisi. Na mimi nilikuwa katikati yao, ningefanya nini, nikanyanyua mikono, nikaomba, na Mukamurenzi aliyekuwa nyuma yangu ananiambia Amina yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Huku nyumbani, Prudence ndiye anayekaa na ndagala siku za mafunzo. Ndiye anayefua ovaroli langu na kulinyoosha kwa pasi ya makaa. Jioni ananikalisha, "Mama, leo bamefundisha nini?" na mimi namweleza, naye anafanya kila kitu nyuma ya nyumba, na Shangazi sikufichi, ananishinda. Anapanda mti wa parachichi akiwa na kamba begani na kushuka kabla mimi sijafunga viatu. Mimi kwenye ngazi napanda polepole, Afande hunishikia chini akidhani ni aibu ya msichana, kumbe ni magoti.

Wiki iliyopita Afande alitutangazia kwamba Ijumaa ijayo anafunga orodha ya watakaokwenda Mbarara, wiki sita kituoni penyewe, kulala huko huko, gari jekundu wataligusa kwa mikono, na watakaofaulu ndio watakaopewa kazi kwenye kituo kidogo kitakachofunguliwa hapa kwetu. Baada ya Ijumaa jina halibadilishwi. Halafu akanisimamisha mbele. "Huyu ndiyo takuwa kiongozi yenu. Mariette, unakubali?" Vijana wakapiga makofi. Nikasema nakubali, Shangazi. Mdomo ulisema wenyewe.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Prudence, nikidhani atalia. Akanishika mkono, akasema, "Mama, ata kama miye sitapata, minafurahi juu yako. Weye hujawahi kupata kitu." Tangu siku hiyo silali. Angenitukana ningelala.

Sasa nakuuliza wewe uliyekula chumvi nyingi. Nifanye nini? Je, hakuna njia ya sisi wawili kubaki? Je, siwezi kwenda hizo wiki sita kwanza, ni wiki sita tu, nimalize, nirudi, ndipo nirekebishe karatasi, na yeye aingie kundi la mwakani kama litakuwepo? Naomba unijibu haraka, na tafadhali ufiche jina langu, watu wa Misiera wanasoma mpaka karatasi za kufungia chumvi.

Ni mimi mwenye magoti mabovu,
Misiera, Nakivale

*

SHANGAZI CONSTANCE ANAJIBU

Mdogo wangu,

Uliniomba nisicheke mpaka nimalize. Nilishindwa kwenye paka. Nilipofika kwenye manukato ya Kampala, nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Kakoba, Mbarara, na waendesha bodaboda wawili walisimama kuuliza kama nimewaita. Nikawaambia waendelee na safari, nina mgonjwa.

Uliniomba pia nifiche jina, halafu ukaandika majina ya nyumba nzima, ya mwenyekiti, ya mwalimu na ya jirani anayeunguza maharage. Nimeyabadilisha yote. Anayesoma hapa na kudhani amemtambua mtu, amejitambua mwenyewe, atulie.

Sasa kaa chini, tuongee.

Kosa la kwanza, lile la miaka, sikuulizi. Mimi nawajua kina mama ambao daktari akiwauliza wanaumwa nini wanaanza kueleza kikohozi cha mtoto. Wewe ulimtanguliza mwanao mezani kwa karani kwa sababu miaka ishirini ulikuwa unamtanguliza kila mahali. Hilo limepita. Kosa la pili, kwenda kumshikia nafasi, nalo sikuulizi, kwa sababu mwenyewe alikutuma, na nyinyi wawili mlikubaliana. Hata kitambaa cha kuficha mvi nakusamehe, ingawa mvi tatu si kitu, njoo uone zangu.

Ninalokuuliza ni lile la karanga. Ulimwona karani amekaa peke yake, ofisi tupu, karatasi iko mkononi mwako, binti yako amekusindikiza mpaka barabarani, ukapita! Na barua nzima unaniandikia mvua, unaniandikia ngazi, unaniandikia tarehe, kana kwamba tarehe zina miguu ya kukukimbia. Mama, wewe hukuchelewa. Ulikataa. Ulikataa mara tatu, na kila mara ulirudi nyumbani ukala chakula alichopika yule uliyemkatalia. Halafu ukaacha kanisa zima likamshambulia mtu wa watu kwa maombi, anatafuna karanga zake hajui kwa nini masikio yanamwasha. Unamdai Mungu majibu ya sala ambayo jibu lake lilikuwa mfukoni mwako. Sijui mbinguni walifanya nini na Amina yako, lakini nadhani waliiweka pembeni kwanza.

Na lile swali lako la mwisho, la wiki sita tu, usiniulize tena. Ndilo ulilokuja nalo tangu mstari wa kwanza, na hayo mengine yote ulikuwa unanipikia chai ili nilikubali. Silikubali. "Mwakani kama litakuwepo" ni maneno ya mtu anayejua kwamba huenda lisiwepo. Wewe umeishi kwenye kambi miaka mingi, unajua vizuri kuliko mimi ni mafunzo mangapi yameanza kwa picha na kofia, na mwaka wa pili hata bango halipo. Nafasi hii ipo mpaka Ijumaa. Prudence hana nyingine.

Nimekugombeza, sasa nikushike mkono.

Ulipoandika kwamba hakuna mtu aliyewahi kukuita msichana, niliweka barua chini, nikaingia ndani, nikakaa peke yangu. Hakuna cha kuchekesha hapo. Ulinyang'anywa ujana wako ukiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na siku mtu mmoja mwenye filimbi alipokuita kwa jina lile ambalo ulistahili kuitwa miaka ishirini iliyopita, uligeuka ukaitika. Nani asingeitika? Mimi ningeitika, na ningeomba aite tena. Una haki ya kuulilia ule ujana, na ulie kwa sauti, umwite Mukamurenzi muulilie wote wawili. Lakini ulichukuliwa na vita. Prudence hakuuchukua, kwa hiyo usiende kuutafuta kwake.

Tena nikuambie jambo ambalo hukuliona ingawa uliliandika kwa mkono wako. Siku ile moto ulipopanda kwenye karai, vijana wa miaka ishirini walifanya nini? Walitimua mbio. Na yule kijana wa manukato alitaka kumwaga maji kwenye mafuta, akaunguze nusu ya Misiera. Aliyesimama mikono kiunoni alikuwa mama wa miaka thelathini na tisa ambaye amekaanga ndagala tangu hao wengine wakiwa wanatambaa, nasema kutambaa kwa watoto wachanga, si kule kwa chini ya moshi. Afande alimsifu msichana, lakini aliyemwona ni wewe, kama ulivyo, na umri wako wote. Sifa hiyo haikuhitaji karatasi ya uongo, na ukirekebisha karatasi haitafutika.

Kwa hiyo utafanya hivi, na utafanya kwa mpangilio huu huu, usinibadilishie.

Usianze na Afande. Ukianza naye atakusifu tena, nawe utalegea. Usianze na karani pia. Anza nyumbani. Prudence ajue kabla ya mtu yeyote, na asikie kwako, kwa mdomo wako ule uliosema wenyewe "nakubali". Kesho yake asubuhi nendeni wote wawili Base Camp, wote wawili nimesema, asikusindikize mpaka barabarani tu, akusindikize mpaka kwenye kiti. Bebeni kadi yake ya ubatizo, ripoti zake za shule, kadi ya chanjo kama panya hawakuila, chochote chenye mwaka. Marekebisho yakihitaji siku zaidi, mwombe karani akuandikie barua fupi yenye muhuri kwamba kosa limeonekana na linashughulikiwa. Na ukimaliza, mwombe radhi. Atashangaa, hajui kosa. Omba tu.

Siku hiyo hiyo, si kesho yake, mpelekee Afande hiyo barua pamoja na binti yako. Vua kitambaa. Mwambie umri wako, mwambie kosa lilikuwa lako, mwambie nani aliyepaswa kuja na kwa nini ulikuja wewe, halafu umwombe amjaribu Prudence kwa ngazi, kwa kamba, kwa ndoo, kwa chochote anachotaka, mbele ya wenzake. Kama anapanda mti ule wa parachichi kama ulivyosema, hutahitaji kumpigia debe. Halafu, hapo ndipo useme la kwako. Mwambie Misiera ina majiko mangapi ya makaa, na kina mama wangapi wanakaanga kando ya barabara chini ya turubai, na kwamba hakuna kijana wa miaka ishirini atakayesikilizwa na wanawake hao akiwaambia wafunike karai. Wewe watakusikiliza. Mwombe akuruhusu uwafundishe kina mama wenzako siku za soko, kwa jina lako na kwa umri wako. Mtu anayejua kazi yake hawezi kuikataa zawadi kama hiyo. Akiikataa, wafundishe hivyo hivyo, kifuniko ni chako.

Sikufichi, inawezekana Afande akakasirika. Anaweza kusema mlimdanganya, akafuta jina lako, asimwandike na Prudence, mkakosa wote wawili. Lipo, na utalibeba. Lakini ukinyamaza, kukosa kwa Prudence si jambo la kubahatisha tena, ni hakika, na siku atakapojua, na Misiera ulivyoieleza atajua kabla ya sikukuu, hatakosa mafunzo tu. Atakuwa amekosa na mama wa kumwamini, na huyo hapatikani kwenye orodha yoyote.

Mimi siogopi sana hasira ya Afande. Naogopa zaidi ile jioni ya kwanza, nyumba ikiwa na nyinyi wawili tu, kwa sababu najua utakavyotaka kuifanya. Utataka kuanza na vita, na baba yake, na mambo yote uliyomfanyia tangu azaliwe. Usifanye hivyo. Yote ni ya kweli, lakini ukiyaweka mbele utamlazimisha akuhurumie kabla hajapata nafasi ya kuumia, na yeye amekuwa akikuhurumia maisha yake yote. Ulisema angekutukana ungelala. Basi mpe sababu ya kukutukana, uliyomnyima.

Mkalishe, mwambie, "Prudence, karani hakuchelewesha kitu. Ni mimi. Nafasi yako niliipenda nikaikalia." Usiongeze neno "lakini". Halafu funga mdomo, umwache akasirike, alie, apige mlango, asiongee nawe mpaka asubuhi. Ana haki ya kukasirika kama mtu wa miaka ishirini, na wewe umsikilize kama mtu wa miaka thelathini na tisa.